Nyama Aliyochinja Njuki

Majengo, Embu
14 Aprili 1955

Mpendwa shemeji yangu Idrisi,

Asalaam aleikum. U hali gani huko Mombasa, na mke wako Mwanamisi homa imemwachia? Sisi miili ni mizima, tunamshukuru Mungu. Barua hii nimempa dereva wa lori la ng'ombe akupe mkononi, maana siku hizi za posta zinasomwa kabla hazijafika.

Shemeji, kaka yako Sulemani hayupo nyumbani. Nakuandikia mwenyewe usije ukayasikia ya barabarani.

Unamkumbuka Njuki, yule Mwembu aliyesilimu tukamwita Jumaa, mchinjaji wa bucha yetu. Wiki iliyopita askari walimzoa sokoni pamoja na wengine. Wakasema amekula kiapo cha wapiganaji wa msituni, na Uislamu wake ni wa kujifichia. Bwana Shauri, yule Mzungu mkubwa wa bomani, akamwita kaka yako, kwa kuwa ndiye imamu na ndiye anayetuamulia mambo ya ndoa na mirathi. Akamuuliza mbele ya askari kama huyu ni Mwislamu kweli.

Kaka yako akajibu, "Ya moyoni ayajuaye ni Mungu."

Neno zuri hilo, sote tunalisema. Lakini Bwana Shauri alilichukua kuwa ni hapana, na kaka yako akaona limechukuliwa hivyo, akanyamaza. Ni woga, shemeji, nitakuficha nini? Njuki akapakiwa kwenye lori kwenda kizuizini.

Ijumaa mkewe, Wambeti, akaja barazani kwetu, pale kesi zinaposikilizwa. Akasema ana mashtaka. Kaka yako alipouliza anamshtaki nani, akamnyooshea kidole yeye. Wazee walitaka kumfukuza, kaka yako akawakataza. Akaondoka kitini akakaa mkekani, kwa kuwa wenye kesi hukaa sawa.

"Mume wangu amewachinjia miaka yote hii," Wambeti akasema. "Ile nyama ilikuwa halali au haramu?"

Mji mzima tumeila, mpaka kwenye maulidi na matanga.

"Ilikuwa halali," kaka yako akasema.

Akainuka kwenda bomani. Nilimshika kanzu nikamwambia tuna watoto. Akanijibu kwamba kadhi haulizwi ya moyoni, anaulizwa aliyoyaona, naye Njuki amemwona akisujudu ubavuni mwake.

Njuki hawakumrudisha. Na kaka yako wamemzuia, eti anageuza maneno kuwasaidia watu wa msituni. Napeleka chakula, kinarudi vilevile. Nina hasira naye, shemeji, tena namwonea fahari, na nikiwa peke yangu jikoni nalia tu.

Sasa wazee wamekubaliana uitwe wewe ushike nafasi yake, kwa kuwa umesoma. Watakuandikia kwa maneno matamu. Kabla hujawajibu, ujue kwamba watu bado wanazolewa sokoni, na wa kuulizwa atakuwa wewe. Kama hutaweza kusema ulichokiona, nakuomba usije.

Nisalimie Mwanamisi na Bi Mwanakombo. Wambeti anakusalimu, siku hizi tunapika chungu kimoja. Mungu akuepushe na kiti hiki, na kama amekuandikia, akupe kifua cha kukikalia.

Wako akupendaye,
shemeji yako Rahema