Makapi Mekundu

Alhamisi, saa kumi jioni. Mawingu yamekaa juu ya kijiji tangu asubuhi na mvua haitaki kushuka.

Daftari hili nilipewa kwenye darasa la watu wazima nijifunze kuandika. Leo naandika nisichothubutu kusema.

Doria anatapika. Doria ni mbwa wetu, ndiye anayefukuza nguruwe shambani tangu mume wangu aende Korogwe kukata mkonge. Alfajiri alitapika povu, nikasema kala majani, mbwa ndivyo walivyo. Nikaendelea kufagia. Akatapika tena. Nikampa maji, maji nayo yakarudi. Ilipofika saa tatu miguu ya nyuma inatetemeka na mate yanamchuruzika kama mtoto anayeota meno.

Nikamfunga kamba ya katani nikamvuta hadi josho, maana Alhamisi bwana mifugo huja kuogesha ng'ombe. Watu walinicheka njia nzima. Mwanamke wa Kiislamu, mchana kweupe, anakokota mbwa. Nikawaambia wacheke mpaka nguruwe wamalize mihogo yao.

Bwana mifugo hakucheka. Alisema mbwa akitapika mara moja kisha akanywa maji na kutikisa mkia, mwache apumzishe tumbo. Lakini akirudia rudia, akashindwa hata maji, akitetemeka au akitoa damu, usingoje kesho.

"Umefanya vizuri kuja, Mama Zaina. Amekula nini?"

"Labda panya," nikasema.

Nilidanganya. Papo hapo Doria akatapika miguuni petu, bwana mifugo akachokoa kwa kijiti. Yalikuwa makapi, mekundu.

"Hii ni mbegu ya kijiji," akasema taratibu. "Ile ya dawa."

Basi niseme hapa. Jumatatu tulipanda mahindi shamba la kijiji. Mbegu ilikuja kwenye magunia, imepakwa dawa nyekundu isiliwe na wadudu, na tulionywa tusiile. Lakini ghalani kwetu hakuna kitu, watoto wanalala na chai ya rangi. Punje tatu shimoni, kiganja kwenye pindo la kanga. Nilifanya hivyo. Mama Hamisi, jirani yangu, tulikuwa mstari mmoja, naye alifanya hivyo, na wengine nyuma yetu. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nyumbani niliosha kwa maji matatu. Wekundu uliobaki nilidhani ni rangi tu, nikajiona hodari. Jana nikatwanga, makapi nikamtupia Doria.

Bwana mifugo aliuliza unga uko wapi. Nikamwambia uko kwenye ungo unakauka, wa kupika leo jioni. Sauti yangu mwenyewe iliniogopesha. Akasema dawa ile haiishi kwa kuoshwa, niende nikaufukie mbali na kisima, kisha nipite kwa mwenyekiti apige mbiu kabla meko hayajawashwa. Doria akabaki naye kivulini, akinyweshwa maji ya mkaa uliosagwa. Hakuniahidi kuwa atapona.

Unga nimeufukia. Mama mkwe aliniangalia usoni, akamchukua Zaina, akamchemshia mchicha.

Kwa mwenyekiti sijaenda.

Naogopa. Nikifungua mdomo nimejitaja mwizi wa mbegu ya kijiji, na nimewataja wote waliokuwa mstarini. Mume wangu atasikia huko huko Korogwe. Tangu saa saba najiambia labda wenzangu bado hawajatwanga. Uongo mtupu. Serikali ilivyotupanga katika kijiji hiki kipya, nyumba zimebanana, kila kinu kinasikika. Jana jioni nilikisikia cha Mama Hamisi.

Moshi unatoka jikoni kwake sasa. Watoto wake wanne wamekaa barazani wanasubiri.

Nyuma ya ua wake mbwa wao anakohoa. Hapana, anatapika. Mara moja si kitu.

Hiyo ya pili.

Kalamu naiacha hapa. Naanza na sufuria ya Mama Hamisi, mwenyekiti atanikuta huko.