Kiti cha Mama kwenye Send-off Yako

Lubumbashi, Jumatatu jioni

Mdogo wangu Neema,

Hamjambo huko nyumbani? Kifua cha Baba kimetulia, au bado anakohoa na kusingizia vumbi? Na wewe unalala, au maandalizi yameshakunyang'anya usingizi? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini usimwambie Bibi, atadhani Kongo hakuna chakula. Kipo, tena kizuri. Ni mimi ninayesahau kula nikiwa na kazi. Baridi ya huku asubuhi ni kama ya Mbeya, ila haina mvua wala ukungu. Ni baridi kavu yenye vumbi jekundu, na midomo inapasuka.

Barua hii ataileta Mama Kapinga, muumini mwenzetu hapa, mfanyabiashara ambaye wazazi wake walitoka Kasai. Huwa anapanda basi kwenda Dar es Salaam kuchukua nguo za watoto, na basi hilo linapita Mbeya. Akifika mpe chai, atakuchekesha. Kila Jumatatu, siku yetu ya mapumziko, huwa nakuandikia kwa simu, lakini uliloniuliza safari hii nimeona nilijibu kwa kalamu.

Uliandika hivi: "Dada, siku ya send-off kiti cha mama kando ya Baba utakaa wewe, au kitakaa kitupu. Mama Agnes hakai pale." Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi. Tangu mama yetu afariki na Baba amuoe Mama Agnes, mimi na wewe hatujawahi kulizungumza jambo hili waziwazi. Tumekuwa tukilizunguka kama watu wanaozunguka dimbwi.

Nilikwenda kwa Rais wa misheni, mkuu wetu sisi wamisionari huku, nikamwonyesha ujumbe wako. Unajua utaratibu wetu: mmisionari harudi nyumbani kwa harusi wala kwa msiba, na akirudi amemaliza. Alisoma, akavua miwani, akasema, "Dada Mwaisaka, umebakiza muda mfupi. Ukiamua kwenda, utaondoka kwa heshima na mimi nitakusindikiza kituoni. Uamuzi ni wako." Afadhali angekataa. Ningekasirika, nikalia, yakaisha. Mama Kapinga naye alinisubiri nje ya kanisa Jumapili, si ya jana, ile ya kabla yake:

"Dada, mu bus kuko nafasi pembeni yangu. Tunapita Kasumbalesa, tunapita Zambia, kisha uko ku mulango ya baba yako. Unaogopa nini? Mi sikoromake!"

"Unakoroma, mama," akasema binti yake.

"Nyamaza weye. Nakoroma ku nyumba yangu tu."

Nilicheka, Neema, lakini nilipofika nyumbani nilitoa sanduku chini ya kitanda nikakaa nalitazama. Niliomba sana. Nikwambie kweli, sikusikia kitu. Nilisikia jenereta ya jirani tu.

Sasa nikueleze wiki yenyewe, maana jibu langu limetoka humo.

Unajua nilikuja huku nikidhani nitatembea mitaani nikifundisha watu. Kwa sababu ya Kifaransa changu cha chuo niliwekwa ofisini. Ofisi ni nyumba ya zamani katikati ya mji, sakafu ya saruji iliyong'arishwa kwa nta nyekundu. Natafutia wamisionari vibali vya kuishi, nalipia pango la nyumba zao, nabadilisha vichungi vya maji. Jumanne nilipanda nyuma ya pikapu nimeshikilia magodoro yasipeperuke, na sketi imebanwa kwa magoti. Kama ungeniona usingeniomba nikae meza kuu ya mtu yeyote. Mwenzi wangu ni Dada Mbombo, anatoka Kananga. Mmisionari haruhusiwi kuwa peke yake, kwa hiyo yupo nilipo. Hata nikienda chooni anasubiri uani akiimba kwa sauti, ili, anasema, nisijisikie nimetupwa.

Kila baada ya majuma sita kuna uhamisho. Ukutani tuna ubao wenye picha za wamisionari wote, na chini ya kila picha jina la ukoo. Rais akihamisha picha, mimi namtafutia mwenye picha basi. Huku vijana wa kiume wanaitwa Mzee. Mzee fulani ana miaka ishirini, hajaota ndevu, anamlilia Dada Mbombo amshonee kifungo. Sisi wasichana ni Dada. Jina la kwanza linabaki kwenye pasipoti. Zaidi ya ninyi kwenye simu, huku hakuna anayeniita Atupele.

Basi, Alhamisi ilikuwa siku ya uhamisho. Asubuhi aligonga mama mmoja, mrefu, kitenge chake kimefungwa kwa uangalifu, kichwani kapu lililofunikwa kitambaa cheupe.

"Jambo, ba-soeur," akasema, yaani madada. "Mi natoka Likasi. Natafuta mutoto yangu, Ilunga. Iko mumisionere."

Dada Mbombo alimtua kapu, nikamletea maji. Alikunywa akitazama picha ukutani kwa mbali, hakusogea. Alituambia mumewe alikuwa mtu wa reli, na nyumba nzima ni Wakatoliki tangu babu, isipokuwa huyo mtoto aliyefuata kanisa letu. Baba mtu hakumzuia, ila siku ya kuondoka alikwenda kazini mapema.

"Mu simu kila semaine anasema, Mama, niko bien, niko bien," akasema, yaani kila wiki humwambia ni mzima. "Mi nataka nimuone na macho yangu kama iko bien. Nitamuangalia, atakula, nitarudi. Sitamuibia."

Wazazi hawaji kuwatembelea wamisionari. Ni utaratibu, na mimi ndiye ninayewajibu wanaouliza. Nilipaswa kumpigia Rais, aliyekuwa nyumbani kwake mtaa wa Golf na wageni. Sikupiga. Kwenye ratiba ya mabasi niliyoitengeneza mwenyewe alikuwepo Mzee Ilunga, anatoka Kolwezi, atapita ofisini mchana kubadilisha basi. Juma zima nilikuwa na jina hilo mikononi. Nikaona kama Mungu amenitengea jambo moja jema, la watu na si la karatasi. Nikasema, "Mama, kaa. Mwanao anafika leo."

Alishika mikono yangu yote miwili.

Sikumuuliza jina la kwanza la mwanawe. Ndivyo ofisi hii inavyomfanya mtu: majina ya kwanza nilikuwa nimeshaacha kuyafikiria. Na huku kina Ilunga ni wengi. Ukiita kituoni, nusu ya foleni inageuka.

Alisubiri tangu asubuhi. Alikataa chai, alitaka ale pamoja naye. Alimfundisha Dada Mbombo namna ya kuosha vinkubala, wale viwavi wakavu, mchanga usibaki. Kila lango lilipolia alijifunga upya kitenge.

Mchana ulipopita, mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Ilunga na mwenzake, wamejaa vumbi, masanduku mkononi. Mama akasimama. Alimtazama yule kijana. Kisha, Neema, alitazama nyuma yake, mlangoni, kuona kama kuna mwingine anayeingia. Akaendelea kutazama pale.

"Wangu iko wapi?" akauliza.

Nilikwenda kwenye ubao. Nilimwona sasa, Ilunga wa pili, chini kabisa, mwenye macho ya huyu mama. Yuko Kamina, mbali kaskazini. Hakuwa na safari wiki hiyo, kwa hiyo hakuwa kwenye ratiba yangu wala akilini mwangu. Nilimwambia.

Hakupiga kelele. Alikaa, akakunja mikono juu ya kapu. Dada Mbombo alikuwa akitaja jina la Mungu kwa Kifaransa, polepole. Yule kijana alisimama katikati ya chumba na sanduku lake, uso umeiva kwa aibu, utadhani yeye ndiye aliyekosea.

"Unisamehe, mama," akasema. "Mi ni Ilunga pia."

"Wa mama gani?"

"Wa Mama Odette. Ku Kalemie."

"Hajakuona tangu lini?"

Kijana alitazama dari. Yule mama alimtazama vizuri, kuanzia viatu kwenda juu, kama alivyokuwa amepanga kumtazama mwanawe.

"Ile kola ya shati, nani anakufuliaka?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Njo maana. Kuya unawe mikono."

"Hapana, mama. Ile ni chakula ya mutoto yako."

"Mutoto yangu iko Kamina. Mi siwezi kutupa bukari mpaka Kamina. Nawa mikono, itapola."

Alifungua kapu. Bukari, yaani ugali wetu, umefungwa kwenye majani, kisamvu wanachokiita sombe, vinkubala, samaki mkavu wa kukaanga na nyanya. Kijana alianza taratibu, kwa adabu. Baadaye aliacha adabu. Mama alikaa kando yake, si mbele yake, akimwondolea miba, akimsukumia kipande hiki na kile. Mwenzake naye aliitwa, na sisi tukaitwa. Kisha akanigeukia.

"Na weye, mademoiselle ya ma-papier. Siku ingine uliza jina yote! Mutu iko na jina mingi, hawezi kuwa kama gunia ya makala."

Ma-papier ni makaratasi, na makala huku ni mkaa. Dada Mbombo alicheka mpaka akapaliwa na sombe. Mimi nilicheka na machozi yakitoka.

Sasa nisikilize hapa. Alipomaliza kula, yule kijana alisema, "Aksanti, mama yangu." Na yeye, akiwa anakunja kitambaa, akamjibu bila ukali wowote: "Mama yako iko Kalemie. Mi minakulisha tu." Akamtengeneza kola, akamwacha aende kwenye basi lake.

Nilimpigia Rais nikamwambia nililofanya. Akaniambia nimpigie kijana wa Kamina kwa video, papo hapo, ingawa haikuwa siku yake. Mama alimwona mwanawe kwenye kioo cha simu. Alimwambia asimame ageuke, amwone mgongo. Kisha akapanda gari la Likasi na kapu tupu.

Usiku nilirudisha sanduku chini ya kitanda.

Siji, Neema. Nimeandika neno hilo na mkono umeuma. Natamani kukuona ukiingia ukumbini, natamani kuliko ninavyoweza kuweka hapa, na basi lipo, na nafasi kando ya Mama Kapinga ipo, anakoroma au hakoromi. Lakini nikikaa kwenye kile kiti, nitakuwa dada yako niliyevaa vazi la mama, na watu watanitazama wakimkumbuka, na wewe utanitazama ukimkumbuka, na utalia siku nzima. Kikikaa kitupu itakuwa hivyo hivyo. Nilikuwa nadhani anayekaa pale lazima awe mama yetu. Alhamisi nilimwona mtu akikaa mahali pa mama wa mwingine mchana mzima, na hakujiita mama.

Kuna kitu pengine hukijui, kwa sababu Jumatatu wewe huwa kazini. Ninapopiga simu ya video, Baba hajui kuishika. Angekuwa ananionyesha dari. Anayemshikia ni Mama Agnes. Anakaa nyuma ya simu muda wote wa mazungumzo. Katika mwaka mzima nimemwona uso mara chache mno. Ninachokiona ni kidole gumba chake pembeni ya kioo. Wakati mwingine kinatetemeka kwa kuchoka, na Baba bado anasimulia habari za mahindi.

Sikulazimishi. Ni siku yako, na ukitaka kiti kitupu nitasimama upande wako na sitakulaumu kamwe.

Nisalimie Baba, umwambie avae sweta. Msalimie Bibi, umwambie nimenenepa. Shangazi aliyejipa uenyekiti wa kamati mwambie nimesikia amekataa wapishi wawili, na ninamwunga mkono. Mchumba wako mwambie shemeji yake anafunga na kumwombea, na pia anamchunguza kutoka huku. Dada Mbombo anakusalimu. Anasema siku akiolewa yeye, meza kuu itajaa vinkubala.

Mama Agnes nimemsalimu mwenyewe leo asubuhi. Baba alipokwenda kuangalia mbuzi, nilimwomba ageuze simu, nikamwona. Nikamuuliza kama angekubali kukaa kando ya Baba siku hiyo. Alitazama mlangoni, halafu akaniuliza, "Neema amesema?"

Nikamwambia bado.

"Basi mimi sijasikia, Atu," akasema, na akaigeuza simu taratibu, nikabaki naliona jiko na birika juu yake.

Nakupenda, mdogo wangu, tangu ulipokuwa huwezi kutamka jina langu.

Ni mimi dada yako,
Atupele