Mshenga na Kandambili ya Bluu

KITUO CHA POLISI VWAWA
MAELEZO YA SHAHIDI

JINA: Shadrack Nzowa. UMRI: Miaka 57. KABILA: Mnyiha. KAZI: Mkulima wa kahawa. MAKAZI: Igamba, Wilaya ya Mbozi.
TAREHE: 14/06/1998, saa 7:05 mchana.

Unaniuliza mshenga ni nani, kana kwamba kwenu, afande, watu huoana bila mshenga. Haya, andika. Mshenga ni mtu aliyeteuliwa na upande wa mwanamume kupeleka maneno kwa wazazi wa binti. Maneno si yake, ndiyo maana hapigwi. Mjumbe hauawi. Kazi hiyo nimeifanya mara kumi na moja.

Leo Jumapili, saa 12:30 asubuhi, jirani yangu Sadoki alinijia. Alisema mwanawe Jairo amemchukua Ketrina, binti wa Boazi, jana jioni kisimani. Akaniteua nipeleke jembe kwa wazazi wa binti, kama tufanyavyo kwetu binti akitoroshwa, ili wasihangaike kumtafuta. Nilikwenda kwa Sadoki kulichukua. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, nikamwona Ketrina amekaa chini, dada wawili wa Jairo wamembana huku na huku. Alikuwa amevaa kandambili moja. Alinitazama. Nikachukua jembe nikaondoka.

Saa 3:20 nilifika kwa Boazi. Niliweka jembe mlangoni, nikasema binti yenu msimtafute, yuko kwetu. Boazi akauliza kama amekwenda kwa hiari. Nikajibu, "Kwa miguu yake mwenyewe." Hilo Sadoki hakunituma. Nililitia mimi ili mwenzangu atulie.

Mkewe, Imelda, aliingia ndani akatoka na kandambili ya bluu, ya kushoto. Waliiokota kisimani. Hakunitukana. Aliiweka juu ya lile jembe akasema, "Baba, mpelekee na hii." Bora angenipiga.

Sikurudi kwa Sadoki. Nilidandia gari la mahindi mpaka hapa, na kandambili ndiyo hiyo mezani kwako. Najua sitateuliwa tena Igamba nzima. Basi. Ila tufanye haraka, afande. Jana walisubiri jembe lifike kwanza; leo jua likizama watamwingiza chumbani kwa Jairo, na kesho kila mtu atasema huyo ni mke wa mtu. Nyumba nitawaonyesha mimi.

Niliyoyaona na niliyoyasema ni hayo. Safari hii sikutumwa na mtu.

Sahihi: S. Nzowa

Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayakubali akiwa amesimama. Kiti alikikataa tangu mwanzo. Saa 7:50 mchana tunaondoka naye kwenda Igamba. Kandambili ni kielelezo, lakini ameomba aibebe yeye hadi tumfikie mwenyewe. Nimemruhusu.
Koplo Fides