Nilimkana Nyokabi

Molo, Alhamisi, Julai 1955

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Ng'ombe wameshakamuliwa, binti yangu Wangari amelala kwa mafua, nami nimekaa peke yangu na daftari. Nikimaliza nitaurarua ukurasa huu niutie motoni. Lakini kwanza niandike, maana sina wa kumwambia.

Leo nimemkana mke wangu.

Saa tatu asubuhi nyapara alinifuata zizini. "Twende, unaitwa polisi. Wameshika wanawake msituni." Nikaacha ndoo, nikamfuata. Ni miaka miwili tangu Nyokabi aingie msitu wa Mau, na habari zake zimekuwa zikinifikia vipande vipande. Kwanza anapeleka chakula. Kisha anapanga walinzi. Mwishowe eti wanaume wenye bunduki wanangoja amri yake.

Na askari nilikuwa mimi. Nilipigana na Wataliani kule Uhabeshi. Niliporudi nikamsimulia Nyokabi niliyoyasikia kwa mzee mmoja wa huko, habari za malkia wao wa zamani aliyetoka na jeshi lake mwenyewe, akawazingira Wataliani ngomeni na kuwakatia maji. Hakuniuliza kama alikuwa mzuri. Aliuliza, "Maji aliyakata vipi?"

Nilicheka.

Vita vyetu wenyewe vya kudai ardhi kwa wazungu vilipokuja, mimi ninayeijua bunduki nilibaki nikikamua ng'ombe wa mzungu. Aliyeondoka ni yeye. Aibu hiyo sijawahi kumwambia mtu.

Pale polisi nyapara aliambiwa angoje langoni. Ndani walikuwa wamesimamishwa wanawake watatu ukutani. Wa katikati alikuwa Nyokabi. Amekonda, nywele zimesokotana, kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakipo. Ofisa akasema wamesikia mkubwa wa genge ni mke wangu, na akijulikana atanyongwa.

"Mke wako ni yupi?"

Nilimtazama wa kwanza. Nikamtazama yeye. Nikamtazama wa tatu.

"Hayupo hapa, bwana."

"Angalia tena."

"Mke wangu ni mrefu kuliko hawa wote. Hayupo."

Ofisa akamgeukia Nyokabi. "Wewe, unamjua mtu huyu?"

"Ningemjua wapi? Ananuka maziwa. Hata angekuja kuniposa nisingemkubali."

Askari wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, ilinibidi. Jikoni kwetu alikuwa akinitania hivyo hivyo kila nikitoka zizini, kisha ananipa maji ya moto ninawe.

Walimwandika kwa jina la uongo alilowapa, mpishi tu wa watu wa msituni. Wote watatu wanapelekwa kambini, mbali. Sikuthubutu kuuliza wapi. Alipopandishwa lori hakugeuka, na mimi sikusimama kumwangalia.

Hatanyongwa. Tangu adhuhuri najiambia hivyo.

Lakini nikisema kweli, sijui ni nani niliyemwokoa pale. Ningesema "ndiye huyu", maswali yangenigeukia mimi, nani alimpa unga, nani alijua njia zake. Mdomo wangu ulikataa kabla sijaamua lolote. Yeye alijua anachofanya. Mimi niliogopa tu, na bahati woga wangu ukamfaa.

Sasa siwezi kumwandikia barua. Siwezi kwenda kumwona, wala kuuliza kama yu mzima, kwa sababu mwanamke yule hana mume. Wangari naye ana miaka saba. Nikimwambia nimemwona mama yake, kesho shamba zima litajua. Aliniuliza polisi waliniitia nini. Nikamwambia ni habari za ndama aliyepotea. Akaniuliza kama amepatikana, nikajifanya sikusikia.

Nyumba hii ni ya chumba kimoja, lakini leo naiona kubwa mno.

Tulipokuwa tukirudi shambani, nyapara alinipiga bega, kwa wema kabisa. "Basi ndugu yangu, huyo alishafia huko. Tafuta mwingine, mtoto apate mama."

Akiniambia tena kesho, nitamwambia bado naomboleza. Hilo angalau halitakuwa uongo.