Doti Iliyowekwa

Mchafukoge, Dar

Kaka Khalfani,

Huku wazima, sijui huko Mwanza. Mdogo wetu Badria ametengeneza tovuti ya duka la Mama la kanga, na mtoto ni fundi kwelikweli! Mwanzoni kila ukurasa ulishika hesabu yake ya doti zilizobaki, tukawaahidi wateja wawili doti ileile. Akaziweka hesabu zote mahali pamoja, akaijenga tovuti upya. Sasa mteja akibonyeza "Niwekee," kurasa zote zinajua papo hapo.

Jana nimekuta doti nzuri kuliko zote imewekwa kwa jina la mkeo Violeth, jina ambalo Mama hajalitamka tangu mfunge ndoa. Nikamgombeza Badria.

"Sijagusa, dada. Mama mwenyewe kabonyeza."

Usimwulize kitu. Njooni tu muichukue.

Nduguyo,
Sitara