Kodi Niliyomtoza Kaka Bhekani

S.L.P. 61,
KwaMaphikela,
KwaZulu-Natal,
Afrika Kusini.

14 Agosti 2023

Mpendwa mdogo wangu Mzamo,

Pokea salamu kutoka uwanja wa baba yetu. Hujambo? Mkeo Aileen naye hajambo? Na mwanenu Langa, kile kikohozi cha baridi ya Glasgow kimemwachia, au bado anakohoa kama trekta la marehemu babu? Mimi nipo. Magoti yananigombeza kila nikipanda kilima cha miwa, lakini mpaka sasa yananifikisha juu na kunirudisha.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Mwezi wa tano tulikusikia redioni. Kizulu chako bado kizuri, nikajisifu. Wakakuita daktari wa afya ya jamii, nikajisifu zaidi. Ukasema wanaoishi ovyo watozwe kodi kubwa, kwenye soda, kwenye sigara, kwenye pombe na vya kukaanga, na fedha hizo ziende hospitali za umma. Ukasema ni haki mtu achangie ugonjwa anaojitafutia.

Anaojitafutia. Neno hilo ulilitoa wapi, Mzamo?

Unajua kaka yetu Bhekani alikuwa wapi ulipokuwa ukilisema? Alikuwa kwenye foleni ya kliniki, tangu alfajiri, akisubiri vidonge vyake vya kisukari. Redio imetundikwa juu ya dirisha la dawa. Alipoisikia sauti yako akasimama: "Huyo ni mdogo wangu! Tumbo moja!" Watu wakapiga makofi. Kisha likaja neno lako, na makofi yakafa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamgeukia: "Baba Shozi, mwambie huyo mdogo wako kodi tunalipa kila siku, na vidonge hatuvioni."

Saa sita muuguzi akatoka akasema vidonge vimeisha, warudi baada ya wiki mbili. Kaka akarudi mikono mitupu. Akapita dirishani kwangu, pale ninapouzia vitu vyangu vidogo, akagonga. "Nipe soda ya lita mbili, ya baridi. Leo najitafutia."

Na usianze kunihubiria juu ya maji. Mabomba ya huku yamekauka tangu mwezi wa tatu. Lori la maji huja likitaka. Siku lisipokuja, kitu cha baridi kinachopatikana hapa ni soda. Kaka anashinda kwenye lori la miwa, injini inamchemsha miguu, akishuka koo limekauka kama ganda la muwa.

Lakini simtetei. Nimemkanya mpaka nimechoka na sauti yangu mwenyewe. Ndiyo maana nilipolala na yale maneno yako ya redioni nikasema, haya, tujaribu ya msomi.

Nikamtoza kodi. Wateja wengine wote walinunua kwa bei ya kawaida, yeye peke yake nikampandishia randi tano kwa kila chupa. Hizo tano nazitia kwenye kopo la maziwa, ziwe za matibabu yake. Si ndivyo ulivyosema? Nilijiona nina akili kama waziri. Wiki ya kwanza akanung'unika kwamba maisha yamepanda. Ya pili akanunua nusu ya alizozoea, nikakaribia kukupigia kukupongeza. Ya tatu akaacha kabisa, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti kanisani, mbele ya watu.

Kumbe hakuacha. Alikuwa amemsikia mteja mwingine akitajiwa bei, akajua anatozwa peke yake. Kuanzia hapo kila jioni alikwenda kwa miguu hadi duka la njia panda, ng'ambo ya mto, kwenda na kurudi, na yale mabuti ya mpira ya kazini, bila soksi. Aliyeniambia ni mama Gumede, jirani yetu. "Kaka yako amekuwa mwanamichezo siku hizi," alisema, akicheka. Mimi sikucheka. Wewe ni daktari, unajua mtu mwenye sukari ya miaka mingi anasikia nini miguuni kiatu kikimchubua. Hasikii kitu.

Nikamfuata barazani kwake.

"Kaka, vua mabuti nione miguu."

"Kwanza nieleze wewe. Unanitoza kodi, Zibuyile? Mimi? Kwenye uwanja wa baba yangu?"

"Ni kwa faida yako."

"Na Mzamo kasema hivyo hivyo. Mlikaa kikao lini nyinyi wawili?" Akaonyesha kilima kwa kidevu. "Shahada yake ililimwa pale. Niliacha shule nikashika panga ili yeye ashike kalamu. Sukari imemsomesha, leo anaitangazia vita kutoka Ulaya."

Hakuvua. Nami, badala ya kung'ang'ania, nikakasirika nikaondoka. Hilo nalijutia kuliko hiyo kodi.

Baada ya siku nne harufu ndiyo iliyosema. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa cheusi, na yeye alikuwa amekifunga kwa mfuko wa plastiki akivaa buti juu yake, akienda kazini. Tukapiga simu ya gari la wagonjwa asubuhi, tukaambiwa tusubiri. Alasiri bado tunasubiri. Nikachukua lile kopo, nikampa mume wa mama Gumede fedha za mafuta, tukampakia kaka nyuma ya pikapu yake juu ya godoro mpaka hospitali. Kwa hiyo kodi yako ilifanya kazi, Mzamo, unaweza kuiandika kwenye ripoti zako. Ililipia mafuta ya safari ambayo kodi hiyo hiyo ndiyo iliyoisababisha.

Wakamkata vidole vitatu. Wiki iliyofuata wakarudi wakasema haitoshi, wakaukata mguu juu ya kifundo. Aliweka sahihi mwenyewe, akamuuliza daktari kama mwenye mguu mmoja anaweza kuendesha lori.

Yuko nyumbani tangu Jumamosi. Wauguzi wa kule, sitawasema vibaya, walikuwa wachache na walikimbia siku nzima. Nilikaa benchi la wodi siku kumi na moja nikiwaza maneno yako, na sitakudanganya: sijasema ni mabaya. Watozeni. Anzeni na wale wanaotengeneza hizo soda, watozwe mpaka walie, na kila senti nioneshwe imekuwa kidonge kwenye lile dirisha. Lakini mimi nilimtoza mtu mwenye kiu kabla sijamwekea maji mbele yake. Na wewe ulimsema mtu uliyekula jasho lake kana kwamba humjui. Tugawane hili, kwa sababu peke yangu limenielemea.

Yeye hajanilaumu hata mara moja. Angenitukana ningepata usingizi.

Sasa sikia sababu hasa ya barua hii. Ametukataza wote tusikuambie. Jana nilimuuliza kwa nini, akageuza uso ukutani. "Acha huko aliko aniwaze nikiwa na miguu miwili," alisema.

Basi Jumapili ya kwanza ukishaipata barua hii, tukishatoka kanisani, mpigie. Usimtajie sukari, usimtajie kodi, na usimwombe radhi kwa maneno marefu kama ya redioni. Mwulize tu anaendeleaje. Atakuambia hajambo kabisa. Usikubali. Mwulize tena, halafu unyamaze, hata kimya kikiwa kirefu, hata Langa akilia, usikate. Atakuambia mwenyewe. Akishakuambia, ndipo useme lini unakuja.

Nisalimie Aileen na umbusu Langa. Shangazi Thokozile anakusalimu, anasema unene ulionao kwenye picha unampendeza. Mama Gumede na mumewe nao wanakusalimu.

Mungu wa baba zetu akulinde kazini na njiani, na akulainishe ulimi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekukasirikia hivi,

Zibuyile Shozi