Mkate wa Ncha Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Jaribio langu la kwanza hapa kiwandani! Umeletwa unga mpya, sampuli ya kutosha mikate minane tu; mzigo wenyewe unakuja baadaye. Mkurugenzi anataka kujua tanuri liwe na joto kiasi gani. Mikate ya unga huo itakwenda shule anayosoma binti yangu. Nikipatia, Ijumaa nasaini mkataba wa kudumu. Nikikosea, narudi nyumbani na shahada yangu ya takwimu nikaitundike ukutani.

Nimeiambia kompyuta: chukulia joto na ladha vinafuatana kwa mstari ulionyooka, nipangie majaribio yenye jibu la uhakika kuliko yote. Ikajibu papo hapo — minne kwenye joto la chini kabisa, minne kwenye la juu kabisa. Katikati usiweke kitu. Safi! Mstari unashikwa kwenye ncha, kama shuka mkilikunja wawili.

Jumanne, 5 Machi
Joto la chini kabisa la tanuri ni tanuri lililozimwa. Hilo sikuliwaza. Lakini mpango ni mpango.

Mwokaji ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Akaingiza minne kwenye tanuri baridi, akafunga mlango kwa adabu zote, akasubiri. Minne mingine akaipandishia joto hadi mwisho wa kipimo. Moshi! Mlinzi akaja mbio na ndoo. Shemeji akauliza kama hii ndiyo sayansi. Nikasema ndiyo hii.

Jumatano, 6 Machi
Wameonja: wahasibu, dereva, mlinzi, na shemeji mwenyewe. Mikate mibichi, mbili kwa kumi. Iliyoungua, mbili kwa kumi. Dereva alitaka kutoa sifuri, nikamwambia alama zinaanzia moja.

Nikachora mstari. Umelala chali! Nikamwandikia mkurugenzi: joto halina athari yoyote kwenye ladha. Nikatuma.

Jioni naosha vyombo, mara mikono ikasimama. Ewe mwanamke! Nani kakuambia ni mstari? Ladha inapanda halafu inashuka! Pale katikati ndipo mkate ulipo — mkate wa kawaida, wa kila siku — na sikuacha hata jaribio moja la kunibishia. Mume wangu alicheka hadi akakaa sakafuni. Akasema kesho asubuhi nenda kaseme. Nitasema.

Alhamisi, 7 Machi
Sikusema. Mkurugenzi alinipongeza mbele ya watu wote, akanipa mkono mara mbili. Akasema, kama joto halina athari, tanuri la nini? Akalizima. Nilibaki nimetabasamu kama mjinga.

Shemeji ndiye anayefurahi kuliko wote. Anazunguka akionyesha makovu, eti ameungua miaka yote hii bure. Nikamvuta pembeni, nikamweleza kosa langu. Akanitolea macho: "Shemeji, usituharibie!" Nikamwambia lakini ule mbichi si umeuonja mwenyewe? Akasema ndiyo, na ulioungua ulikuwa mbaya vilevile, kwa hiyo hasara iko wapi? Hesabu ni yangu, na ndiyo inayonifunga mdomo. Naona aibu.

Binti yangu ameniuliza kama kweli kesho shuleni watakula mkate wa mama. Ameshawatangazia wenzake.

Ijumaa, 8 Machi
Naandika nikiwa chooni, kiwandani.

Kule ukumbini wametandika kitambaa cheupe. Mkataba uko mezani, kalamu imefunguliwa kabisa. Uani gari limejaa mikate mibichi ya shule, imefungwa vizuri kwenye mifuko, inang'aa. Mkurugenzi akasema mtaalamu wetu aanze yeye kuonja, kisha asaini, gari liondoke.

Nikamega. Ukavutika. Nikatafuna, nikatafuna — shemeji kashika karatasi ya alama. Nikainua kidole, subirini kidogo, nikatoka mbio.

Bado umo mdomoni. Haumezeki! Nikiutema, basi tena mkataba. Nje dereva kawasha gari. Mwanangu yuko darasani, ana njaa, anangoja.

Shemeji anagonga mlango. "Shemeji! Ngapi kwa kumi?"